Mgongo Wangu Kwenye Kisanamu

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mchana kweupe, mbele ya wifi yangu.

Mjukuu wangu Rahma kapata kazi Kiponda, duka la kutengeneza visanamu vya watu. Mashine inakupiga picha pande zote, kompyuta inakujenga, halafu unatolewa mdogo, kimo cha chupa ya soda. (Msinianze na habari za sanamu. Nshasemwa vya kutosha.) Akataka atutengeneze pamoja, mie na Mwanakombo, wifi yangu tunayetazamana naye milango hapa Jang'ombe. Miaka mitatu tulikuwa hatusemezani, kisa sufuria la pilau. Tumepatana Ijumaa iliyopita tu. Nikasema haya, suluhu bado changa, tuitie nguvu.

Tukaingia chumbani, wanawake watupu, mlango ukafungwa. Tukasimama bega kwa bega, Rahma akatuzunguka na kidude kama pasi. Akatazama kompyuta, akaguna.

"Bibi, baibui lako jeusi linameza taa. Mashine imeona uso na viganja tu."

Nikatazama. Kweli! Kichwa kinaelea, chini hamna mtu.

"Umekuwa jini, wifi!" Mwanakombo akacheka.

"Livue, Bibi. Tupo wenyewe."

Nikavua. Ndani nimejifunga kanga juu ya gauni, kanga kuukuu ya kushindia jikoni. Nani angeiona? Nikanyanyua kidevu. (Na tumbo nimelibana.) Rahma akazunguka tena.

Safari hii nikatoka mzima. Akatutia kwenye runinga kubwa ya ukutani, tukawa tunazunguka taratibu. Uso wangu, mashaallah! Bega. Ubavu. Mgongo.

"Tazameni mashine ilivyo hodari," Rahma akajisifu. "Hata jina la kanga linasomeka!" Akalisoma kwa sauti, mtoto wa watu: "NUNA UPASUKE, MIE NNANENEPA."

Herufi kubwa, makalioni kwangu.

Hapo ndipo nikakumbuka kanga ile niliinunua lini, na kwa ajili ya nani.

Mwanakombo akaweka miwani yake sawa. Runinga ikazunguka, ikauleta mgongo tena. Nikaomba umeme ukatike. (Kila siku unakatika. Leo, wapi!)

"Wifi," akasema, "hii ulininunulia mie?"

Nikakiri: "Naam."

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukijipitisha mlangoni kwangu asubuhi na jioni!"

"Ndiyo hivyo, wifi. Nisamehe."

"Na mie sikuwa na miwani! Nikisema maskini, wifi siku hizi hatulii, labda ana maradhi ya miguu."

Miaka mitatu ya kupita bure! Akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, naweza kuyafuta maandishi," Rahma akaninong'oneza.

"Thubutu!" Mwanakombo akadakia. "Kitoke hivyo hivyo. Kitakaa kabatini kwangu, mgongo utazame wageni."

Suluhu imesalimika, alhamdulillahi. Kisanamu kinatoka wiki ijayo. Mwanakombo akikualikeni chai, nakuombeni: ingieni, kaeni, tazameni sakafu.