Evaline Si Mwizi

Jumatatu, 7 Julai 2025. Kijijini Janga.
Yosefina, mwenyekiti wetu wa jumuiya, kasema mbele za watu kwamba mjukuu wangu Evaline anasomea wizi. Wizi! Mtoto aliyenifundisha mimi herufi, kwa mkaa, ukutani! Evaline anasomea kulinda kompyuta. Jumamosi alikuwa awafundishe kina mama kulinda simu zao. Sasa Yosefina anataka azuiwe. Ugali umeungua kwa hasira. Nitajifunza mwenyewe, nimwonyeshe.

Jumanne, 8 Julai.
Evaline kanifungulia masomo ya bure kwenye simu. Kumbe kuna kompyuta zinatengenezwa makusudi ili wanafunzi wazivunje! Nikauliza nani hujenga mlango ili uvunjwe. Kasema ni kama fundi kufuli kumpa mwanagenzi wake kufuli la kujaribia. Nimeuliza maswali mpaka chaji ikaisha. Sheria kubwa ni ruhusa: cha mtu hukigusi mpaka akubali. Nikamwambia hiyo ni hodi tu, tunaijua. Kasema basi bibi umeshaelewa nusu. Nusu inanitosha.

Jumatano, 9 Julai.
Somo la leo: matapeli hujifanya wakubwa ili uwape neno lako la siri. Nikapata wazo! Evaline alipokwenda bombani nikamwandikia Yosefina: "Mimi Paroko. Nitumie neno lako la siri haraka, Mungu anakuona." Hodi sikupiga. Jibu likaja upesi: "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko. Hicho kitenge ulichovaa kwenye picha ni changu, umekiazima tangu Pasaka."
Kumbe picha yangu inaonekana!

Alhamisi, 10 Julai.
Yosefina kawaonyesha wote. Wanasema ndiyo mafundisho ya Evaline hayo. Mtoto hakunifokea. Kakaa jikoni analia, anasingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.
Nimekwenda kwa Yosefina. Hodi mara tatu, kitenge nimekifua. Nikamwambia kosa ni langu, mtoto muache. Kaniuliza kama Evaline anajua kulinda, simu yangu je, ina ulinzi gani? Nikacheka. Nikamwambia ruhusa ninakupa, ijaribu Jumamosi mbele ya watu. Ukishindwa, Evaline anafundisha.

Jumamosi, 12 Julai.
Yosefina kaandika mara moja tu. Ikafunguka! Neno langu la siri ni Kidoti, mbuzi wangu. Nikamuuliza mchawi gani kamwambia. Kasema wee Tereza, kila jioni Janga nzima tunakusikia unamwita!
Watu hoi kwa kicheko. Nikajua mtoto nimemmaliza. Evaline kasimama, kampigia shikamoo, kamshukuru: mama mwenyekiti kapewa ruhusa, kafungua, kasema tundu liko wapi. Kazi ninayosomea ndiyo hiyo. Je, naye ni mwizi?
Adventina, mmoja wa kina mama, kauliza kama jina la mtoto linafaa kuwa neno la siri. Mwingine, la mume? Wakamzonga Evaline kwa maswali mpaka mchana. Yosefina nilimwona analibadilisha lake, kajifunika khanga. Nililia. Mimi sikusingizia moshi.

Jumapili, 13 Julai.
Evaline kasema nichague neno jipya, refu, asilolijua mtu yeyote. Nimepata zuri sana! Hata yeye sikumwambia. Shida ni kulisahau. Basi nimembadilisha Kidoti jina, sasa anaitwa hilo. Jioni nimemwita, hakugeuka.
Kesho nitapaza sauti zaidi, mpaka alizoee.