Kidole cha Pélagie na Swali la Kola

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama, nanyi mnaopalilia maharage wekeni majembe chini, nipate kunena habari za Pélagie wa kijiji cha Juru, mzaliwa wa Kivu Kusini, bingwa wa viraka, aliyepambana na video asirudi nyuma!

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye cherehani. Ndani yake mwalimu wa ushonaji, aliyerekodiwa huko Mbarara, alishona kola ya shati, kisha akanyamaza ghafla na swali likachomoza: ncha za kola hukatwa kabla ya kuigeuza, au baada? Dakika moja tu ya kujibu. Ukichelewa, somo zima linarudi mwanzo. Na somo lilikuwa likifungwa jioni ile ile. Atakayejibu ataitwa Mbarara akajifunze kushona nguo mpya. Atakayeshindwa atabaki kuziba suruali za watu. Loo, jinsi Pélagie alivyozichoka suruali za watu!

Jibu alilijua. Aliyemzuia ni Appolinaire, mzee wa kanisa, simba wa maombi, na zaidi ya yote, mwenye simu.

"Bandugu!" akanguruma kwa majirani waliojazana. "Mutu haingiake mu mtihani bila Mungu. Mufunge macho!"

Wakafunga. Akaiombea Juru, akaiombea Masha ya jirani, akawaombea wasafiri wa Kikagate na mizigo yao. Alipofika amina, dakika ilikwisha kata roho, na mwalimu alikuwa akiwasalimu upya kwa tabasamu lile lile. Wakarudia somo zima, yakawa yale yale, maana safari hii aliwaombea na maadui.

"Papa Appolinaire," Pélagie akasihi, "tuombe mbele, swali haiyafika!"

"Mama, tutaombea namna gani swali yenye hatuyaona?"

Jua likainama. Betri ikawa nyekundu. Swali likachomoza tena, macho yakafungwa, ngurumo za maombi zikaanza. Ndipo Pélagie, mcha Mungu tangu utoto, akatenda jambo ambalo ukoo wake haujapata kulitenda: akafumbua jicho moja. Mkono ukanyemelea kama kuku anayeiba mtama. Kidole kikashuka. KABLA!

"Sahihi!" simu ikatangaza. "Karibu Mbarara!"

Maombi yakakatika. "Nani alifungula macho?" akauliza Appolinaire.

"Ni mie, Papa. Jicho moja tu."

Akamkodolea, midomo ikimcheza. "Basi ile ingine ilikuwa inaomba. Inaenea, inatosha."

Vigelegele vikatikisa mabati. Na iandikwe, wajukuu wasome: jioni hiyo Pélagie wa Juru alibonyeza, Mbarara ikafunguka, naye akalia kwa furaha bila aibu, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.