Unga wa Zambarau Dukani Izia

Jumatatu, 18 Juni 1979

Baridi! Upepo wa Ufipa unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Lakini sina malalamiko. Nina blanketi, nina mke, nina kazi katika duka la ushirika hapa Izia, Sumbawanga. Alhamdulillahi. Na leo nimepata na matumaini. Msimamizi wetu amehamishiwa Mpanda! Kiti kiko wazi. Wanaokitazama ni wawili: mimi, na karani mwenzangu Tadei, mtu wa kufika mapema na kuinamia kazi. Watu wa namna hiyo hawafai kuongoza. Kulsumu, mke wangu, aliuliza mimi ninafaa kwa lipi. Nikasema nina upeo. Akasema upeo huo uanze na tundu la paa.

Mchana, balaa. Gunia la sukari halimo stoo! Sukari ya kaya zote za Izia, na sukari yenyewe siku hizi inasikika tu redioni. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Theodory, amesema mwizi asipojulikana kufikia Jumamosi atawaita polisi watukusanye wote. Nilishika kaunta. Kisha likanijia: atakayemfichua mwizi ndiye atakayekalia kiti.

Mungu ambariki mwizi huyo, popote alipo.

Jumanne, 19 Juni

Andwele amekuja likizo! Tulisoma dawati moja. Baba yake ni mtu wa Mbeya, aliletwa huku na idara ya kilimo. Sasa Andwele anasomea kemia Ulaya, amenenepa, lakini hakunisahau. Ameniletea soksi. Nimezivaa hapo hapo.

Akanionyesha ajabu. Kichupa chembamba cha kioo, kimezibwa pande zote, ndani unga wa zambarau. Akanifumbatisha. Nilipofungua kiganja, unga mweupe! Mweupe kama sembe! Nikadhani nimeuharibu. Akacheka, akasema ni joto la mkono tu.

Alieleza sana. Ndani ya unga huo mna chuma, chembe za chuma zimepangwa mnyororo, na kati ya chembe na chembe mna daraja la kuziunganisha. Kila chembe ina elektroni zake. Kwenye baridi elektroni hujikunyata mbili mbili, na unga ni zambarau. Likija joto hutawanyika, kila moja na chumba chake, na unga unakuwa mweupe. Kwa sababu ya yale madaraja, chembe moja ikigeuka inaivuta jirani yake, jirani anamvuta jirani, ukoo mzima unahama pamoja. Akasema huo ni ujamaa wa chuma. Nilifurahi sana.

Kulikuwa na jambo jingine, kwamba ukishageuka mweupe hauridhiki kurudi zambarau mpaka upate baridi kali kweli. Sikulishika vizuri. Nilikuwa nimeanza kuwaza.

Nimemwomba kichupa kwa siku chache. Amenipa bila kusita. Rafiki wa kweli!

Alhamisi, 21 Juni

Mpango umekamilika. Nauandika polepole ili niufaidi.

Tadei anakuja kazini kwa baiskeli alfajiri, hana glovu. Kila asubuhi anafika vidole vimekauka kama kuni, hata kalamu hashiki. Basi: wote washike kichupa mapema asubuhi. Mwenye mkono safi, unga utakuwa mweupe. Mwizi, utabaki zambarau. Wote watakuwa na joto, isipokuwa mmoja.

Sisemi Tadei kaiba. Nasema tu kwamba unga utasema.

Mzee Theodory alikataa kwanza. Alisema serikali haitaki ramli. Nikamwambia hii si ramli, Ndugu Mwenyekiti, hii ni sayansi, imetoka Ulaya kwa ndege. Akavua kofia. Tangu tuletewe mbolea ya mifuko, neno sayansi linaheshimiwa sana hapa. Ameitisha wanachama Jumamosi, saa moja asubuhi, mlangoni pa duka.

Namshukuru mzee huyu. Anaelimishika.

Ijumaa, 22 Juni

Nimeswali, nimewaombea wote, hata Tadei. Jioni nimemjaribu Kulsumu. Unga mweupe mara moja. Akauliza ingekuwaje kama angekuwa ametoka kufua kwa maji ya kisimani. Nikamwambia asiingize mambo ya kufua katika sayansi.

Kichupa nimekiweka dirishani nje, kilale na baridi.

Jumamosi, 23 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi majani yote yalikuwa na umande mweupe. Wanachama walifika wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Kichupa zambarau safi. Nilikuwa nimeweka beseni la maji baridi, kila mtu anawe kwanza, kwa heshima ya chombo; wenye blanketi wangepata joto tena upesi, Tadei asingepata. Nilitoa hotuba. Nadhani ilikuwa nzuri.

Nikamwita Tadei wa kwanza. Akanawa vidole juu juu, akajifuta, akachomeka mikono mifukoni. Alipoitoa akashika kichupa. Mweupe! Kabla hata sijasema bismillahi! Kumbe njiani alinunua viazi vitamu vya kuchoma, akavitia mifukoni vikiwa bado vya moto. Akampa Mwenyekiti kimoja mbele yangu. Watu wakapiga makofi.

Akashika Mwenyekiti. Mweupe. Akashika fundi baiskeli. Mweupe. Wakashika wote wa mstari wa mbele, mweupe, mweupe, mweupe. Hapo ndipo nililikumbuka lile jambo la Andwele. Unga haukuwa umerudi zambarau hata mara moja! Hata jiwe lingeonekana limetakata. Nikaona mwizi atapita hivi hivi. Nikakitumbukiza kichupa kwenye beseni, nikakikoroga kwa mkono wangu mpaka mifupa ikauma. Kikarudi zambarau.

Aliyefuata alikuwa Mama Bertilla.

Huyu ndiye anayefagia duka letu. Mjane, mtu wa hapa hapa, mama wa watu wote. Alikuwa ametoka kuosha madebe ya duka kisimani. Alishika kichupa kwa mikono yote miwili, kama anavyoshika kitabu cha sala. Tukangoja. Zambarau. Tukangoja tena. Zambarau ile ile.

Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu. Mama Bertilla alitazama kichupa, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, kinasemaje?"

Nilitaka kumsugua mikono, wakapiga kelele kwamba namsaidia mwizi. Nikasema kichupa kina kasoro, angalieni, nitakishika mwenyewe. Nikakishika. Kwa mkono ule uliotoka kwenye beseni! Nilikibana, nikakipulizia, nikakiomba. Zambarau.

Mama Bertilla akasogea akasimama kando yangu.

"Basi tuko wawili," akasema.

Mwenyekiti ametupeleka makwetu, kila mmoja na mgambo mlangoni. Mgambo wangu ni mpole, amekubali chai isiyo na sukari. Namshukuru. Kulsumu amemmiminia kikombe cha pili, mimi hakunimiminia hata cha kwanza.

Lakini si hilo linaloniumiza. Mgambo anasema kule kwa Mama Bertilla majirani wamepita wakitema mate.

Jumapili, 24 Juni

Nilimtuma Kulsumu kwa Andwele. Amefika mbio, shati halijafungwa vifungo. Aliponisikiliza alishika kichwa. Aliniuliza kama alinieleza neno joto au hakunieleza. Nikasema alinieleza. Akauliza basi nilisikia nini. Nikasema nilisikia ujamaa wa chuma.

Watu walipotoka misani akawasimamisha mbele ya duka, na sisi wawili tukaletwa na mgambo wetu. Alikuja na birika la maji moto na beseni la maji ya kisimani. Akachovya kichupa huku, mweupe. Akachovya kule, zambarau. Huku, kule. Akauliza kama birika ni aminifu na beseni ni mwizi. Watu wakacheka. Kisha akampa Mama Bertilla birika alipashie mikono, akampa kichupa. Mweupe.

Nikajitokeza. Nikawaambia kwamba kichupa hakijui wizi, mimi ndiye niliyekitia maneno mdomoni, nilimlenga Tadei kwa sababu ya kile kiti, nikampiga mama asiye na kosa. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Nikasema, "Shikamoo mama. Nisamehe."

Nilihesabu kokoto.

"Marahaba," akasema. "Inuka, utachafua soksi."

Wale waliotema mate wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Walisema una joto zuri. Baadaye alinipitishia uji nyumbani, bakuli limefunikwa vizuri. Nimelia kwenye uji. Sijawahi kushukuru hivi tangu nizaliwe.

Mwenyekiti lakini ameuliza, sawa, sayansi tumeiona, na sukari iko wapi?

Jumanne, 26 Juni

Sukari imepatikana! Mwizi hayupo!

Lori limerudi kutoka Wampembe, kule ziwani, likiwa na gunia letu, limepungua karibu nusu. Lilikwenda wiki mbili zilizopita pamoja na magunia ya chumvi ya wavuvi. Wavuvi walilifungua bila kuonja, wakawapaka samaki, wakawaanika. Dereva anasema nyuki walishuka mpaka watu wakaingia majini. Wamemtumia Mwenyekiti kikapu cha samaki watamu pamoja na maneno ambayo dereva alikataa kuyarudia mbele ya akina mama.

Mwenyekiti akauliza nani alisimamia upakiaji.

Tadei alijua, nilimwona amejua. Akainamia vitabu vyake. Hakusema! Dereva ndiye aliyesema, kwa furaha, kwamba ni huyu bwana hapa, aliyekuwa akimsimulia jinsi duka litakavyokuwa akipewa uongozi.

Hukumu: Tadei ni msimamizi kuanzia leo. Mimi sikufukuzwa. Tadei mwenyewe ameniombea! Nimewekwa chini ya Mama Bertilla, nafagia, naosha madebe. Amenionyesha namna ya kushika ufagio. Kumbe miaka yote kwangu nilikuwa nikifagia vumbi kulipeleka ndani.

Nashukuru kwa kila kitu. Nimemaliza na mipango. Nimemwapia Kulsumu. Amesema nipande sasa nikazibe paa, wakati kiapo bado kibichi. Nimepanda. Nimeziba. Karibu lote.

Jumamosi, 30 Juni

Andwele ameondoka na basi la Mbeya. Kichupa amekichukua, amekifunga ndani ya leso mbili na kukitia mfuko wa ndani. Tulikumbatiana. Nilimshukuru kwa urafiki, kwa soksi, kwa kuniokoa. Aliniambia tatizo langu si ubaya, ni kusikia nusu. Maneno ya dhahabu. Akaniachia zawadi ya kujifunzia taratibu, kitu cha shuleni tu, kisicho na madhara: vikaratasi vya rangi. Ukichovya kimoja kwenye ndimu kinakuwa chekundu. Ukikichovya kwenye maji ya majivu kinakuwa bluu. Alieleza na sababu yake, ni ndefu, basi lilikuwa linapiga honi.

Mama Bertilla ananipenda. Tadei ananiamini. Kulsumu ananichekea tena. Nani tajiri kama mimi hapa Sumbawanga?

Mwezi ujao kuna uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika. Nimesikia Mzee Theodory anagombea tena.

Mzee Theodory hunywa chai ya ndimu kila asubuhi.

Nimewaza tu. Kila mgombea alambe kikaratasi mbele ya wanachama, kikiwa chekundu, hafai kuongoza. Hakuna anayeshika kitu, kwa hiyo mambo ya mikono hayahusiki. Safari hii haiwezi kuharibika!