Tembe Iliyobeba Dawa Mbili Bila Kibali

Wananchi wa Kakamega walitangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu hakuna tembe itakayoruhusiwa kubeba dawa mbili kwa mpigo. Waraka wa tangazo hilo ulitiwa sahihi na Bwana Hezekiah Lusweti, Mkurugenzi wa Utengano wa Dawa. Warsha ya siku tatu ilikuwa imemfumbua macho: tembe ya malaria ina dawa mbili zinazojificha chini ya jina moja. Huo, alisema, ni mkutano usio na kibali. Kila dawa iwe na faili yake na siku yake.

Wauguzi wakagawiwa nyembe. Jumatatu hiyo Lusweti akazuru zahanati moja karibu na Butali.

"Sasa mkubwa, nikikata hapa," aliuliza muuguzi Maximilla, "nusu gani ndio dawa ya kwanza?"

"Ya kushoto."

"Na tembe ikigeuka?"

"Haitageuka bila idhini."

Kwenye benchi, Wanzala, mkata miwa, alikuwa akitetemeka meno yakigongana. Alipewa nusu ya kushoto. Ya kulia ingetoka Jumatano, kwa sahihi ya Mkurugenzi.

"Mkubwa, hii homa itaniua kabla Jumatano," alisema. "Na watoto wangu wanakulanga kwa kazi ya hii mikono."

Lusweti alimhurumia sana, akampa fomu.

Jumanne, malaria, ambayo haisomi nyaraka za serikali, ilimwangusha Lusweti mwenyewe. Aliipita laini ya wagonjwa, akaingia zahanatini amejifunika blanketi juu ya suti; Wanzala alikuwa bado kwenye benchi na fomu yake.

"Nipe tembe nzima, dada. Haraka!"

"Ya kushoto leo. Ya kulia ni kesho Jumatano, Mkurugenzi akitia sahihi."

"Mkurugenzi si ni mimi?"

"Leo wewe ni mgonjwa. Kifungu cha tisa cha waraka: mgonjwa asijiidhinishie dawa. Uliandika wewe."

Alikiandika, tena kwa fahari. Sasa aliogopa, akaogopa kweli kweli: angekufa huku amefuata sheria zote. Akatafuta kifungu kinachomkataza kufuta waraka wenyewe. Hakikuwepo; hakuwahi kufikiri mtu angethubutu. Akachukua kalamu, akaandika: UMEFUTWA. Akapiga muhuri.

"Asante sana, mkubwa," alisema Maximilla, na safari hii alimaanisha. Akafungua boksi la tembe nzima nzima.

Lusweti akakinga kiganja.

"Wanzala!" muuguzi akaita, akimpita.

"Na mimi je?"

"Laini inaishia kule nje, mkubwa. Uliza nani ndio wa mwisho."