Mfalme Aliyelala kwa Mjomba

Tajiri wa mabati alipovua kofia mbele ya nyumba mbovu ambayo dalali aliyeitwa Asali aliirithi kwa marehemu mjomba wake, Asali alijua Mungu amemkumbuka. Mtu havulii kofia ukuta uliobomoka hivi hivi.

"Nasikia hapa alilala mfalme," tajiri alinong'ona.

Maneno hayo Asali mwenyewe ndiye aliyeyapanda, kwa kinyozi wa tajiri.

"Siku tatu, mheshimiwa. Nne, ukihesabu na ile aliyoshikwa na mafua."

Tajiri alikuwa na kila kitu isipokuwa mababu wa kujivunia. Akagusa mlango. Akagusa kitanda cha kamba, ambacho mjomba, fundi viatu, alikifia akikoroma. Bei ikakubaliwa. Sharti moja tu: nyumba iwe tupu.

"Ijumaa itakuwa tupu," Asali akasema, akitupia jicho uani. Huko dobi, mpangaji wa chumba cha nyuma kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akikamua shuka. Alikwisha kuambiwa afungashe, na hakuwa na pa kwenda.

Hapo Asali angenyamaza. Lakini ulimi wake haukuwa na breki. Tajiri alipouliza lile jiwe kubwa la kufulia ni la nini, akadakia:

"Hapo ndipo mfalme alipomwona binti aliyemfulia joho. Mtoto akazaliwa humuhumu. Ndiko ulikotoka ukoo wetu!"

Dobi akaacha shuka. Akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Leo umesema, binamu. Bibi yangu, binti huyohuyo wa joho, alikufa akingoja mtu aseme."

"Mama, usitanie wageni."

"Natania nini? Si wewe umesema? Au ulikuwa unamdanganya mheshimiwa?"

Tajiri akamgeukia Asali. Asali akapiga hesabu haraka. Akimkana mtoto, na mfalme anaondoka. Mfalme akiondoka, inabaki nyumba ya fundi viatu yenye paa linalovuja.

"Ni... ni kweli," akasema, kama mtu aliyemeza mfupa.

"Mjukuu wa mfalme!" Tajiri alikuwa karibu kulia. "Na ulitaka kumfukuza?"

Karani akaitwa saa hiyohiyo. Ikaandikwa: warithi wawili, bei wagawane nusu kwa nusu, na chumba cha nyuma ni cha dobi mpaka atakapozikwa. Asali akatia sahihi.

Tajiri alipokwenda zake, dobi akarudi kwenye jiwe lake, akaita taratibu:

"Binamu, hebu njoo. Wageni wakija wataniuliza. Babu yetu alikuwa anaitwa nani?"