Mwenye Nyumba Asiye na Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Nina nyumba ya ghorofa. Haya, nimeandika! Miaka kumi na tisa sijamtamkia mtu. Orofa tatu, rangi ya buluu, milango kumi na miwili ya kupangisha. Niliinunua miaka miwili baada ya kumzika mke wangu, nikaiandikisha kwa jina lake. Nilikuwa mkadiriaji wa kodi serikalini. Nilijua karani yupi hasomi anachokigongea muhuri.

Leo daktari kasema moyo wangu umechoka. Niweke mambo yangu sawa. Nikamwuliza nina muda gani. Akatazama nje ya dirisha, kama muda wenyewe umeegeshwa pale. Nimerudi na daftari hili la mistari. Nitaungama humu.

Kwa hiyo: binti yangu anaamini sina kitu. Serikali nayo inaamini. Kila mwezi napokea posho ya wazee wasio na kitu. Nalala chumba cha nyuma katika nyumba aliyopanga binti, na dawa ananinunulia yeye. Anashona sare za shule. Duka lake liko chini kabisa ya ghorofa moja la buluu. Ndiyo. Hilo hilo. Kila mwezi anamlipa pango wakala wangu, kisha anarudi kumlaani mwenye nyumba. Kila mwezi namwambia, mwanangu, vumilia.

Redioni mawaziri wawili waligombana saa nzima. Mmoja anataka kodi ipandishwe kwa matajiri, hasa wenye nyumba za kupangisha. Mwingine anataka posho za wazee na maskini zipunguzwe. Nikasinzia katikati yao kama mtoto anayevutwa mikono na wazazi wanaoachana. Mmoja anataka nyumba yangu, mwingine anataka posho yangu. Kati ya watu wote nchini, wamenikuta mimi!

Nikaota nyumba imekuja. Imekaa mwishoni mwa kitanda, magoti pamoja, kama mgeni mwenye adabu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kuhakikiwa kama tuko hai. Kila miezi mitatu wazee wa posho tunapanga foleni ofisi ya mtaa, tunajionyesha kwa karani, tunagandamiza kidole gumba kwenye wino. Nimegandamiza kwa heshima. Huenda ni mara ya mwisho.

Mbele yangu alikuwa Posta. Tunamwita hivyo kwa sababu alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na moja, na hajawahi kutuacha tusahau. Magoti yake ni mazima. Namchukia kwa magoti yale. Alikuwa akitangaza kwamba matajiri walipe, wamekula vya kutosha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kufika barabarani, bwana mkubwa wa kodi anasemaje, au moyo haumruhusu kusema?

Ningenyamaza! Lakini watu waligeuka. Nikasema walipe mara mbili. Makofi. Nikasema mara tatu. Bibi mmoja akajifuta machozi. Mzee wa nyuma akasema mtazameni huyu, shati viraka vitupu lakini kichwani maktaba. (Viraka kashona binti. Nilimwomba aviweke panapoonekana.) Palepale nikateuliwa msemaji wa wazee kwenye mkutano wa hadhara, Jumamosi. Posta ameutafuta usemaji huo tangu mwaka jana. Uso wake ukafungwa kama dirisha la stempu saa kumi kamili.

Nilirudi nyumbani nikielea. Sikuhisi barabara.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpango. Nitashinda pande zote mbili.

Jumamosi nitaitetea posho. Lakini nikimwangusha sana waziri wa posho, waziri wa kodi atapata nguvu. Basi naye apingwe. Na nani? Na mtu msomi, mwenye kalamu. Nikajitazama kwenye kioo.

Nimeandika barua kwa gazeti. Hoja: mwenye nyumba ni mtu kama wengine, ukimbana yeye, atambana mpangaji, wa kwanza kuumia ni mnyonge. Sahihi: Mpenda Haki. Niliisoma mara nne. Ilinishawishi kabisa. Kwa dakika kadhaa niliwaonea wenye nyumba huruma hata nikatamani kuwachangia.

Alasiri pazia lilijaa upepo, nami nikaenda nalo usingizini. Mke wangu alikuwa orofa ya juu, anaanika nguo za watu nisiowajua. Akauliza, hizi zote ni za nani? Nikamwambia zako. Akacheka, akaendelea kuanika.

Alhamisi, 6 Machi

Wakala alikuja, kama kila Alhamisi. Binti anajua alikuwa kijana wa ofisini kwangu zamani na anakuja kumjulia hali mkubwa wake. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nikampa barua ya gazeti. Yeye kanipa habari: kwa hofu ya kodi mpya, wenye nyumba wote wa mtaa ule wamepandisha pango. Akauliza sisi je. Nikafumba macho. Akauliza tena. Nikasema tusijitenge na majirani.

Na duka la chini? Nikafikiri. Mlango mmoja ukilipa kidogo kuliko mingine, watu watauliza kwa nini. Swali dogo hufungua faili kubwa. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Nikasema milango yote.

Dakika ile ile binti akaingia! Uzi ulikuwa umemwishia. Akamkuta wakala, macho yakamng'aa. Akamwamkia, akamwekea chai, kisha akanigeukia. Baba, huyu si mtu wako? Mwombe aniombee kwa mwenye nyumba. Nimesikia pango linapanda. Likipanda sina pa kulipata mwezi ujao, na sare za muhula mpya sijamaliza.

Sasa nifanye nini? Nikamwomba. Nilimwomba vizuri, kwa kweli. Nikasema kijana wangu, ongea na huyo bwana, mweleze kwamba huyu ni mwanamke mchapakazi anayelea mzee mgonjwa. Wakala akanitazama muda mrefu juu ya kikombe. Akasema atajaribu, ila mwenye nyumba huyo ni mtu mgumu. Amemjua miaka mingi. Jiwe, dada yangu.

Binti akasema hata jiwe lina ubaridi wa kumpoza mtu siku ya jua. Yule hana hata hilo. Akasema atazikwa na matofali yake. Wakala akasema amina, tena kwa sauti. Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana.

Jumamosi, 8 Machi

Ah, mkutano!

Ukumbi ulijaa. Diwani kiti cha mbele, karani wa mtaa na kalamu yake. Nilipewa kiti chenye mito. Niliitetea posho dakika kumi na wengine walilia. Ningeketi pale! Lakini Posta akasimama na gazeti la leo. Barua yangu imo, ukurasa wa sita, haijapunguzwa neno. Akaisoma yote kwa sauti ya puani, kisha akasema haya, msemaji, huyu bwana Mpenda Haki kasoma kuliko wewe. Mjibu kama unaweza.

Kama ninaweza!

Nilimwacha akae. Nikaomba maji. Nikaanza. Nilimvua Mpenda Haki hoja moja baada ya nyingine kama kitunguu. Ukumbi ukapiga kelele. Posta akasema maneno matupu, wenye nyumba hawakamatiki, serikali yenyewe haiwajui. Hapo damu ya kazi ikanichemka. Haiwajui? Mimi nilikaa idarani miaka thelathini na minne! Nikawaeleza nyumba zinavyofichwa. Nikasema nyingi zimeandikishwa kwa majina ya marehemu. Nikasema ni rahisi mno: mchukue orodha ya wenye nyumba, mchukue daftari la vifo, mlaze moja kando ya jingine. Marehemu anayekusanya pango, mwiteni mrithi wake aeleze.

Ukumbi ukalipuka. Nilibebwa! Nilipita juu ya vichwa vyao taratibu, dari likipita juu yangu, feni tatu, taa nne, na sikuwahi kuwa mwepesi hivyo tangu ujana.

Nikiwa huko juu niliona chini yangu karani wa mtaa akiandika. Aliandika kila neno.

Jumapili, 9 Machi

Wakala kaja bila kupiga hodi. Akauliza kwa nini sikuwachorea na ramani. Akauliza kama daktari amenipima kichwa pia. Diwani ameagiza orodha mbili zilinganishwe ndani ya wiki mbili, na ameuita mpango huo kwa jina langu. Kwa jina langu! Nilimwomba wakala arudie hapo.

Akasema tuitoe nyumba kwa marehemu haraka. Niiandikishe kwangu? Posho itakwenda, heshima itakwenda, na Posta atacheka hadi magoti yamuume. Lakini nikifa kabla ya wiki mbili watakuta marehemu amerithiwa na marehemu. Wazo hili lilinipa raha kidogo.

Kisha nikaona njia. Binti! Ndiye mrithi. Nimwambie, aende yeye, aiandikishe kwake. Kodi itakuwa yake, nyumba itakuwa yake, pango la duka atajilipa mwenyewe. Nimelala mchana kutwa nikiliangalia wazo hili kutoka pande zote. Ni jambo jema. Limenishangaza. Sikujua lilikuwa karibu hivyo muda wote, chumba cha pili tu, likipiga pasi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa amerudi mapema. Wakala kampelekea karatasi ya pango jipya. Alikaa kitandani miguuni pangu, bado mkanda wa kupimia shingoni, akasema Baba, nimeshindwa. Nitafunga duka Ijumaa. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mkate umekwisha.

Nikasema mwanangu, nisikilize. Ghorofa lile la buluu ni letu. Nililinunua mimi. Liko kwa jina la mama yako.

Alinitazama. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Halafu akacheka, kicheko cha kuchoka, kicheko cha mama yake kabisa. Akasema Baba, juzi ulisema nyumba ilikuja kukutembelea ikakaa kitandani. Jana ulisema mama alikuwa anaanika nguo za wapangaji. Leo tumekuwa matajiri? Nikasema safari hii si ndoto. Akasema basi mimi ni mke wa waziri, na wewe baba mkwe wa serikali, na hivi vidonge vyako ni lulu, vimeze kimoja kimoja.

Akanifunika shuka. Akabaki amekaa. Machozi yalimtoka huku bado anacheka, akayafuta kwa ncha ya ule mkanda, na nikaona namba zikilowa.

Nikasema ni kweli, mwanangu. Akasema najua, Baba. Lala.

Ijumaa, 14 Machi

Redio: mawaziri wamepatana! Kodi ya matajiri na upunguzaji wa posho vyote vimepelekwa kwenye kamati. Kamati itaketi mwakani. Karani wa mtaa naye kasema kazi ya kulinganisha orodha imesimama, hakuna fungu la kuwalipa walinganishaji. Posta alipita kunipa pole, eti mpango wenye jina langu umekufa kabla yangu. Nikamshukuru.

Binti amehama dukani. Vijana wawili wamebeba cherehani, wameiweka chumbani kwangu, chini ya dirisha. Sasa anashona hapa. Mlio wake kama mvua ya mbali juu ya bati. Mchana wote naingia na kutoka usingizini, na kila nikitoka yupo, ameinama, uzi mdomoni. Sijawahi kuwa na raha hivi.

Saa nane alinyoosha mgongo, akasema watu wanamwambia aombe msaada wa serikali, ule wa wasio na kitu. Mimi ni msemaji wao, nazijua fomu. Nimsaidie? Nikamwuliza kalamu iko wapi. Mwandiko wangu bado mzuri. Penye swali la mali ya familia niliandika: hakuna. Nilipigia mstari kwa rula.

Wakala kasema mlango wa duka umepata mpangaji leo leo, muuza simu, na hakuomba kupunguziwa. Nimemwambia angeongeza kidogo. Pia nimeanza barua ya kuisifu kamati. Sahihi sijaamua.

Limebaki jambo moja, nami niliahidi kuungama. Jumatano alipocheka, nilisisitiza mara mbili, na hayo yote nimeyaandika. Sikuandika kwamba hati ya nyumba ilikuwa chini ya mto wangu. Niliitoa kwenye sanduku asubuhi ile, nimwonyeshe. Mkono wangu ulikuwa juu yake wakati wote anacheka, na wakati analia. Nilihisi muhuri kwa kidole gumba.

Sikuitoa. Na alipoondoka, nilishusha pumzi kwa furaha.