Sili Kisicho na Alama

Jumamosi, 14 Juni
Leo madrasani Ustadhi Abdulwahab kasema tukinunua soseji tutazame kwanza alama ya halali kwenye pakiti. Wenzangu wakaitikia tu, wakakimbilia kucheza. Mimi nikabaki nimeduwaa. Mlenda tunaokula kila siku una alama? Hauna! Ugali je? Nao hauna! Lakini biskuti za wageni kabatini kwa Mama zinayo, nimeiona kwa macho yangu. Kumbe dini inanipenda hivi! Jioni nimekaa barazani, upepo unapeperusha vumbi la Ipagala, nikajiona nimelala juu ya wingu nabugia biskuti, na hakuna wa kunigombeza.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwambia Mama, kwa adabu, kwamba kuanzia leo sili kisicho na alama. Mdogo wangu Uwesu kacheka hadi mlenda ukamtoka puani. Hana imani yule. Mama hakugomba hata kidogo. Kasema sawa Rukia, Mungu akuzidishie. Nimelala na njaa, ila kwa furaha. Kesho biskuti!

Jumatatu, 16 Juni
Balaa! Mama kaondoka nazo kwenda kazini Mtumba, eti wenzake ofisini wanazipenda. Nimepekua jiko zima. Vyenye alama ni tomato ya chupa na pilipili ya chupa, basi. Nimelamba tomato asubuhi, nikalamba tena mchana. Halafu nikalala chali uani kutazama mawingu. Yalipita taratibu, yote yamenona, moja andazi kabisa. Nikalifungulia mdomo.

Jumanne, 17 Juni
Babu kaja kutoka Kondoa na jogoo. Nikampa shikamoo, nikamshikia jogoo miguu, akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, akachinja. Harufu ya ule mchuzi, jamani! Nililiona paja linaelea kuja kwangu polepole. Mama akapakua. Paja akampa Uwesu. Mimi akaniwekea chupa ya tomato, akamweleza Babu msimamo wangu. Nililia. Sifichi, nililia sana.

Babu akauliza alama gani hiyo. Nikamweleza huku navuta kamasi.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiyo ni ya mtu ambaye hakumwona mchinjaji. Wewe si ulimshika jogoo mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, Babu. Paja lilikuwa limeshafika tumboni kwa Uwesu. Nikapewa shingo. Nimeinyonya mpaka mfupa ukang'aa, kisha nikaomba mlenda. Mama akanipakulia. Alicheka na mwiko wake.

Jumatano, 18 Juni
Nimewaza sana. Kosa langu lilikuwa dogo, nilishikilia alama wakati kazi yote inafanywa na bismillahi! Asubuhi hii Mama kapika chapati. Yangu nimemaliza. Ya Uwesu iko sahanini na mwenyewe kaenda kunawa mikono. Nimeisomea bismillahi, vizuri kabisa, mpaka mwisho. Sasa ni halali yangu. Nasikia kafunga bomba, anakuja. Naandika kwa mkono mmoja.